Dania haimdhuru paka, chungeni mchuzi

Tangu watu wengi mjini Kisumu waanze kupanda viungo kwenye mikebe na magunia barazani, swali hili hunifikia mara kwa mara: "Daktari, paka ametafuna dania yangu, atakufa?" Hapana, mama, hafi. Dania haina sumu kwa paka. Rozimeri nayo haina, wala mrehani. Akila majani mengi huenda akatapika, kama afanyavyo akila nyasi, kisha akaendelea na mambo yake.

Hofu yangu iko kwenye sahani yake. Nyumba nyingi humlisha paka ugali uliolowekwa mchuzi wa samaki au wa omena, na mchuzi huo haukosi kitunguu. Kitunguu maji, kitunguu saumu, liki na majani mabichi ya vitunguu, vyote ni sumu kwa paka. Kuvipika hakuiondoi sumu hiyo, kuvikausha pia hakuiondoi. Vile vya unga vilivyomo kwenye viungo vya pakiti ndivyo vikali zaidi, kwa kuwa maji yametoka na sumu ikabaki.

Vitunguu vina kemikali za salfa zinazoharibu himoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu. Himoglobini ya binadamu ina sehemu 2 ambazo kemikali hizo hushika, ya mbwa ina 4, ya paka ina 8. Ndiyo maana chakula kinachotujenga sisi humpasulia paka seli nyekundu za damu. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinaweza kumdhuru. Paka wa kilo 4 basi ni gramu 20, kipande tu cha kitunguu kimoja. Kitunguu saumu hudhuru hata kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na kidogo kidogo cha kila siku nacho hudhuru.

Linaloniuma ni kwamba dalili huweza kuchelewa siku kadhaa, mwenye paka akiwa ameshausahau ule mchuzi. Mfunue mdomo utazame fizi: zikiwa zimepauka, ni hatari. Tazama pia kama mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia, kama anahema haraka, kama amelegea na kukataa chakula.

Omena wa paka mtengee mapema, ukiwachemsha kwa maji matupu kabla ya kitunguu kuingia sufuriani. Ni kazi ya dakika chache.

Mchaichai na oregano huweza kumvuruga tumbo, kwa hiyo viweke asikofikia. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa mimea, kama ya mnanaa au mkaratusi, usimpake kamwe, hata kwa kufukuza viroboto. Ini la paka hushindwa kuyavunja, naye hujilamba manyoya yote.

Na mkiletewa maua ya yungiyungi (lily) nyumbani, yasikae ndani na paka. Jani, chavua, hata maji ya chombo chake huua figo kwa siku chache.

Akishakula kitu cha aina hiyo, usimpe chumvi wala maziwa ili atapike. Mlete kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kabla dalili hazijaonekana, na uje na pakiti ya kiungo au tawi la mmea wenyewe.