Kasri la Queluz si nakala ya Versailles

Queluz, mji wa maghorofa yaliyobanana kwenye reli ya Lisbon kwenda Sintra nchini Ureno, una kasri ambalo tangu zamani huitwa “Versailles ya Ureno”, kwa jina la kasri maarufu la wafalme wa Ufaransa, kana kwamba kuna mfalme aliyetaka kuwaiga Wafaransa. Sivyo. Ujenzi ulianza mwaka 1747, ikiwa nyumba ya kupumzikia kiangazi ya Pedro, mtoto wa mfalme ambaye hakutarajiwa kurithi kiti. Msanifu alikuwa Mreno, Mateus Vicente de Oliveira. Msanifu Mfaransa, Robillion, alikuja baadaye, na kweli mkono wake unaonekana, hasa bustanini. Watawala walihamia hapo baada ya makao yao ya Ajuda kuungua mwaka 1794. Kinachonivutia zaidi ni Kireno kabisa: mfereji wenye kuta za azulejo, yaani vigae vya Kireno vilivyochorwa, ambamo familia ya kifalme ilitembea kwa mashua.