Je, wajua? Ufaransa ilikosa mfalme sababu ya bendera

Wengi wanadhani habari ya wafalme Ufaransa iliisha Louis XVI alipokatwa kichwa mwaka 1793, kumbe wapi, wafalme walirudi, wakaja na makaizari wawili wa ukoo wa Napoleon, halafu 1871 baada ya kuchapwa vitani na Wajerumani wananchi wakachagua bunge ambalo wengi wao walitaka ufalme. Si kwamba raia walimtaka sana mfalme, walichoka vita na wale ndo walioahidi amani.

Sasa mfalme yupi? Walejitimisti, yaani wafuasi wa tawi kuu la ukoo wa Bourbon, walimtaka Comte (cheo cha kikabaila) de Chambord, mjukuu wa mfalme Charles X aliyepinduliwa 1830. Waorleanisti, wafuasi wa tawi dogo la Orléans, walimtaka Comte de Paris, mjukuu wa Louis-Philippe, yule aliyekalia kiti hicho hicho baada ya mapinduzi hayo ya 1830. Na kulikuwa na damu kati yao, maana baba yake Louis-Philippe alipiga kura Louis XVI auawe wakati ni ndugu yake wa ukoo kabisa! Kitu kama hicho familia haisahau.

Ila Agosti 1873 wakapatana. Comte de Paris alimfuata mwenzie Austria, akamkubali kama mkuu wa ukoo, na kwa vile Chambord hakuwa na mtoto hesabu ikawa rahisi, atawale yeye kwanza, akifa mwenzie arithi.

Ndo ikaja bendera. Chambord akasema hatawali chini ya ile ya rangi tatu, anataka nyeupe ya mababu zake, na Oktoba 1873 akaandika barua kukataa kulegeza. Wengi humwita mkaidi tu, mimi naona alijua anachofanya, ile ya rangi tatu ndo ya mapinduzi yaliyomuua kaka wa babu yake, na mfalme anayepangiwa masharti na wabunge kabla hajakaa kitini angekuwa pambo tu.

Bunge likampa Marshali MacMahon, mwanajeshi, urais wa miaka 7, wengine wakisubiri Chambord afe. Akaishi mpaka 1883! Na Januari 1875 kipengele cha kuchagua rais wa jamhuri kilishapita, kura 353 kwa 352, hivyo jamhuri ikawa imekubalika kisheria.

Alipokufa, Walejitimisti wengi walihamia kwa Comte de Paris, wengine wakaenda kwa Wabourbon wa Hispania, tawi la ukoo huo huo lililotawala huko, na ugomvi upo hadi leo, Jean d'Orléans wa ukoo wa Comte de Paris huku, Louis de Bourbon aliyezaliwa Madrid 1974 kule. Upande wa Jean unasema babu wa wale wa Hispania alishaacha haki yake kwenye mkataba wa Utrecht 1713, wenzao wanajibu haki ya kiti cha Ufaransa mtu hawezi kuiacha hata akitaka.