Umaarufu si kipimo cha sauti

Kwenye mazoezi ya kwaya hapa Kirumba, Mwanza, nasikia mara kwa mara kuhusu Luciano Pavarotti, mwimbaji Mwitaliano wa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa: “Pavarotti alivuma kwa sababu aliwazidi wote sauti.” Sivyo. Carlo Bergonzi, mwimbaji Mwitaliano mwenzake, aliheshimiwa mno na wajuzi wa opera, ila nje ya duara hilo wachache wanamjua. Kilichombeba Pavarotti hadi vijijini ni mpira. Mwaka 1990, Kombe la Dunia likichezwa Italia, BBC ilifungua matangazo ya mechi kwa sauti ya Pavarotti. Usiku wa kuamkia fainali akaimba Roma na waimbaji wenzake wa opera, Domingo na Carreras, televisheni zikirusha. Kabla yao, Caruso, mwimbaji mwingine wa opera wa Italia, alibebwa na santuri alizorekodi Milan mwaka 1902. Kijana wetu wa sauti ya tatu akiimba, mabati ya kanisa hutetema. Bado hajarekodiwa hata wimbo mmoja.