Konsoli inayovuma na konsoli iliyoacha alama

Waulize wachezaji wa gemu chapa ipi ya konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu, ni kubwa kuliko zote, na mabishano hayataisha leo. Mmoja anajibu kwa kuangalia kinachouzwa madukani, mwingine kwa kuangalia kilichobadilisha namna ya kucheza. Wote wanasema kweli, ila wanapima vitu viwili: kuvuma na kuacha alama.

Kuvuma ni habari ya sasa. Konsoli inavuma pale watu wanapoinunua, kampuni zinapoitengenezea magemu mapya, na ukiingia mtandaoni usiku unakuta watu wa kucheza nao. PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020 na kupita mauzo ya milioni 80, inavuma. Nintendo Switch 2, iliyoingia sokoni Juni 2025, nayo inavuma. Hapo hapana la kubishania, hesabu zipo.

Kuacha alama kunahitaji swali jingine: mashine hii isingekuwepo, michezo ya leo ingepungukiwa na nini? Jibu likiwa "hakuna kitu", basi hata kama iliuzwa kwa mamilioni, ilipita tu. Likiwepo jambo unaloweza kulionyesha kwa kidole, tunazungumzia chapa ya kihistoria.

Chukua Atari 2600, iliyotoka Marekani mwaka 1977 na kuuzwa takriban milioni 30. Haikuwa konsoli ya kwanza ya nyumbani. Hiyo ni Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Wala haikuwa ya kwanza kutumia kaseti za kubadilisha. Fairchild Channel F iliitangulia mwaka 1976, na aliyeongoza kazi hiyo ni Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi ambaye anastahili kutajwa kuliko anavyotajwa. Kwa hiyo kutangulia peke yake hakumpi mtu nafasi hii. Atari ndiyo iliyoingiza desturi sebuleni: fimbo moja yenye kitufe chekundu, kaseti zimepangwa kando ya televisheni, na watoto wanapokezana. Mwaka 1980 ikaleta nyumbani Space Invaders, gemu lililokuwa likichezwa kwa sarafu kwenye kumbi, na watu wakanunua mashine kwa ajili ya gemu hilo moja. Tangu hapo kila kampuni ya konsoli inatafuta gemu lake la kuuzia mashine.

Leo Atari haivumi hata kidogo. Jina hilo limepita mikono kadhaa ya wanunuzi. Hata hivyo mwaka 2023 ilitoka mashine mpya, Atari 2600+, inayosoma kaseti zile zile za zamani. Na ile alama yake ya mistari mitatu inayopanuka kwa chini ipo kwenye fulana za vijana ambao hawajawahi kushika fimbo ile.

Alama kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Nintendo. Mwaka 1983 soko la konsoli la Marekani lilianguka: magemu mabovu yalikuwa yamejaa madukani na wauzaji wakabaki na mizigo isiyotoka. Baada ya hapo wenye maduka hawakutaka hata kusikia habari za gemu la televisheni. Nintendo, kampuni ya Kyoto iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ilipeleka mashine yake New York mwaka 1985 kwa jina la mfumo wa burudani, ikiwa pamoja na roboti mdogo wa plastiki ili ionekane ni kitu cha kuchezea cha watoto. Ndani yake kulikuwa na chipu ya kuzuia gemu lolote lisilokuwa na kibali cha Nintendo. Utaratibu huo, kwamba mwenye konsoli ndiye anayeruhusu nani atengeneze gemu na kuchukua fungu lake, ndio ambao Sony, wenye PlayStation, na Microsoft, wenye Xbox, wanaufuata hadi sasa.

Halafu kuna kile kitufe cha msalaba. Alikibuni Gunpei Yokoi wa Nintendo, na kilionekana mwaka 1982 kwenye mashine ndogo ya mkononi ya Donkey Kong. Shika karibu padi yoyote leo, yaani kile kifaa cha mkononi cha kuongozea gemu, ya kampuni yoyote: kidole gumba cha kushoto kitakikuta. Yokoi huyo huyo yuko nyuma ya Game Boy ya mwaka 1989. Kioo chake kilikuwa cha kijani kilichofifia, wakati Atari Lynx na Sega Game Gear zilikuwa na rangi. Lakini zile za rangi zilimaliza betri kwa saa chache, na Game Boy iliendelea kuwaka. Ukiijumlisha na Game Boy Color, mauzo yalifika milioni 118. Moja iliyoungua katika Vita vya Ghuba iliwekwa kwa miaka mingi kwenye duka la Nintendo la New York, plastiki imeyeyuka, kioo bado kinaonyesha gemu. Haikuwa ikiuza chochote tena, lakini watu walisimama kuitazama.

Mtu anaweza kusema basi, aliyeuza sana ndiye aliyeacha alama. Hesabu zinakataa. Sega Dreamcast iliuzwa takriban milioni 9 tu, na mwaka 2001 Sega ikaachana kabisa na kutengeneza konsoli. Wii U ya Nintendo ya mwaka 2012 iliuzwa zaidi ya milioni 13. Ni ipi inayotajwa kwa mapenzi? Dreamcast. Ilikuja na modemu, kifaa cha kuiunganisha na mtandao, ndani yake wakati kucheza mtandaoni kwa konsoli kulikuwa bado ni ndoto, na ilijaribu magemu ambayo wengine hawakuthubutu. Wii U inakumbukwa zaidi kama njia iliyoelekea kwenye Switch. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Kelele nazo hupotosha. Mwaka 2012 konsoli ndogo iitwayo Ouya ilichangiwa na watu mtandaoni zaidi ya dola milioni 8 kabla haijatengenezwa. Kwa wiki kadhaa ilizungumzwa kuliko mashine nyingi zilizokuwa zikiuzwa. Ilitoka mwaka 2013, na mwaka 2019 huduma yake ikazimwa. Sioni padi, gemu wala utaratibu wa leo unaoidai Ouya chochote.

Jambo ambalo makala nyingi za Marekani na Ulaya hulipita haraka ni kwamba alama huachwa mahali, kwa watu fulani. Urusi ya miaka ya 1990 iliijua konsoli kwa jina la Dendy, nakala ya mashine ya Nintendo iliyouzwa huko kuanzia 1992. Brazil ina mapenzi na Sega kwa sababu kampuni ya Tectoy iliendelea kuziuza mashine zake kwa miongo baada ya Sega kuondoka sokoni. Na huku kwetu, Afrika Mashariki, nakala za mashine ya Nintendo zilifika kwa wingi kutoka China, na kaseti zenye maandishi ya kudai kubeba magemu maelfu. Watoto walicheza Super Mario na Contra miaka nenda rudi bila kulisikia jina Nintendo. Alama ya gemu ilibaki, ya chapa haikubaki.

Chapa iliyobaki huku ni PlayStation, hasa PlayStation 2. Dunia nzima iliuzwa zaidi ya milioni 160, na hakuna konsoli ya nyumbani iliyoifikia. Ila ukubwa wake kwetu haukutokana na kila familia kuwa nayo. Ulitokana na vibanda: televisheni mbili tatu, benchi, padi zilizofungwa gundi ya karatasi, na gemu la mpira wa miguu, Winning Eleven au PES, likichezwa kuanzia asubuhi. Unalipia mechi. Aliyefungwa anaachia padi. Mashine moja ililelewa na mtaa mzima, na aliyeitengeneza ikiharibika alikuwa fundi wa redio wa hapo hapo. Konsoli za mtumba zilizokwisha kuchakazwa Ulaya zilianza maisha ya pili Kariakoo na River Road. Sony iliacha kuitengeneza mwaka 2013, na PES 2014 ikawa miongoni mwa magemu ya mwisho kutolewa kwa ajili yake, lakini vibanda havikufunga siku hiyo. Viliendelea, kwa sababu diski zilikuwepo, mafundi walikuwepo, na wateja walikuwa wameshazoea uzito wa padi ile.

Hapo utaona tofauti ikiwa uchi. Mwaka ule Sony walikuwa wanazindua PlayStation 4, na duniani ndiyo iliyokuwa ikivuma. Kwenye benchi la kibanda, jina PS lilimaanisha mashine ya miaka 13 nyuma.

Chapa moja inaweza kuwa na vyote viwili, na hapo ndipo watu wengi huchanganya. PlayStation inavuma na imeacha alama, lakini alama iliwekwa na mashine za 1994 na 2000. Ile ya kwanza iliwafanya watengenezaji wahamie kwenye diski za bei nafuu badala ya kaseti za gharama, na ikawavuta watu wazima waliodhani gemu ni la watoto. PlayStation 5 ni mashine nzuri, yenye kasi, na padi yake inayobadilisha ugumu wa vitufe ni kazi ya kusifiwa. Bado sijaona jambo ambalo wengine wote watalazimika kulifanya kwa sababu yake. Kwa sasa inaishi kwa jina la mama yake na inalitumia vizuri.

Xbox nayo iko katika hali ya kinyume. Mauzo ya mashine zake yameshuka na Microsoft sasa inapeleka magemu yake hata kwa washindani. Lakini huduma ya Xbox Live, iliyoanza Novemba 2002, ndiyo iliyofanya kuwa na jina moja, orodha moja ya marafiki na kuzungumza kwa kipaza sauti wakati wa kucheza liwe jambo la kawaida kwenye konsoli.

Kwa mashine za miaka ya karibuni, ninaiweka Nintendo Switch ya mwaka 2017 upande wa walioacha alama bila kusita. Imepita mauzo ya milioni 150, lakini sababu yangu ni nyingine. Ilionyesha kwamba mashine ile ile unaweza kuichomeka kwenye televisheni nyumbani na kuichomoa ukaondoka nayo kwenye basi bila kukatiza gemu. Mwaka 2022 kampuni ya Valve ikatoa Steam Deck, mashine ya mkononi yenye umbo linalofanana na la Switch, na kampuni za kompyuta zikafuata kwa za kwao.