Je, wajua kwa nini Mfaransa hasemi "ningalijua, ningalikuja"?

Asubuhi moja ofisini kwetu Kurasini, ambako kazi ni kutoa mizigo bandarini na kuisindikiza kwa simu hadi Kongo, uliingia ujumbe kutoka Lubumbashi: *Le camion serait arrivé à Kasumbalesa hier soir.* Dada wa nyaraka, ambaye Kifaransa chake ni cha kuokoteza kama changu, akausoma kwa sauti na kutafsiri palepale: "Lori lingefika Kasumbalesa jana usiku."

Lingefika? Basi halijafika. Bosi akampigia dereva mara tatu, kimya. Akampigia utingo, kimya. Akaanza kuulizia watu wa Tunduma kama kuna ajali njiani. Kumbe dereva na utingo wake walikuwa wamelala fofofo, na lori limeegeshwa mpakani tangu saa tatu usiku.

Yule Mkongo hakukosea sarufi. Alichoandika ni "inasemekana lori limefika". Aliambiwa na mtu, hakuliona kwa macho yake, akaona asijifunge. Umbo alilotumia Wafaransa huliita *conditionnel passé*, na ndilo hilo hilo linalobeba majuto, lawama na yote tunayoyatupia kwenye -ngali-. Ila hawalitumii tunavyolitumia sisi, na hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa.

Kuliunda si kazi kubwa. Unachukua kitenzi kisaidizi, ama *avoir* (kuwa na) ama *être* (kuwa), unakiweka katika hali ya masharti ya wakati uliopo, kisha unakifuatisha na umbo timilifu la kitenzi chenyewe. Kwa kitenzi cha kula: *j'aurais mangé, tu aurais mangé, il aurait mangé, nous aurions mangé, vous auriez mangé, ils auraient mangé*. Muundo wenyewe si mgeni kwetu, maana "ningekuwa nimekula" nao una kitenzi kisaidizi mbele na kitenzi kikuu nyuma.

Vitenzi vingi huenda na *avoir*. *Être* imejichukulia kundi dogo la vitenzi vya kwenda na kuja, kufika na kuondoka, kuingia na kutoka, kubaki, kuanguka, kuzaliwa na kufa, pamoja na vile ambavyo mtu anajitendea mwenyewe, kama *je me serais trompé*, ningekuwa nimekosea. Kwa hiyo ni *je serais venu*, ningekuwa nimekuja, si "j'aurais venu". Na ukitumia *être*, umbo timilifu linamfuata mtenda: mwanamke ni *elle serait venue*, wanawake wengi ni *elles seraient venues*. Kwa *avoir* mtenda haguswi, lakini kitendwa kikitangulia, basi chenyewe kinafuatwa: *les colis que j'aurais envoyés*, vifurushi ambavyo ningevituma. Ile -s mwishoni mwa *envoyés* inafanya kazi ileile ya -vi- katika "ningevituma". Wanafunzi huilalamikia sana kanuni hii, nami sioni kwa nini mtu aliyelelewa na ngeli zetu zote aiogope.

Sasa kwenye fumbo lenyewe. Shuleni tulifundishwa tusichanganye: nge kwa nge, ngali kwa ngali. "Ningalijua, nisingalikuja." Pande zote mbili zinabeba alama ileile, kama mizani. (Mitaani Dar -ngali- siku hizi unaisikia kwa nadra, tunasema "ningejua nisingekuja" hata kwa jambo la mwaka juzi, na tunaelewana.) Mswahili akianza Kifaransa anahamisha mizani yake kama ilivyo: *si j'aurais su, je ne serais pas venu*. Mwalimu wangu wa madarasa ya jioni pale Upanga alikuwa akisikia hivyo anafumba macho kama mtu aliyeuma pilipili.

Mfaransa husema *si j'avais su, je ne serais pas venu*. Upande wa *si* (kama) unakaa wakati uliopita timilifu, yaani kwa neno kwa neno "kama nilikuwa nimejua". Hali ya masharti inaachiwa upande wa matokeo peke yake. Watoto wa Ufaransa nao hukosea, na shuleni hukaririshwa kwamba *les si n'aiment pas les -rais*: *si* haiipendi -rais, ule mwisho wa hali ya masharti. Kimatamshi sentensi hiyo haina tofauti na *les scies n'aiment pas les raies*, misumeno haiwapendi samaki taa, wale bapa wenye mkia mrefu wanaouzwa pale Feri. Tangu nilipoambiwa hilo, nikiona taa mezani kwa mchuuzi nakumbuka sarufi.

Lakini kwa nini isiipende? Jibu liko kwenye Kilatini, na linaanza kwa kutushangaza: Kilatini cha zamani kilikuwa kama sisi. *Si scivissem, venissem*, ningalijua ningalikuja, umbo moja pande zote mbili. Hata Kifaransa cha kale kiliweza kusawazisha hivyo, na mabaki yake bado yako katika maandishi ya kifahari: *si j'eusse su, je fusse venu*. Ukikutana nayo vitabuni ujue ni *conditionnel passé* iliyovaa kanzu ya Idi. Usiivae kwenda nayo sokoni.

Hali ya masharti tunayoijua leo ilizaliwa baadaye, na haikuzaliwa kwa ajili ya masharti. Watu wa kawaida waliozungumza Kilatini waliacha wakati ujao wa zamani, wakaanza kusema *cantare habeo*, nina kuimba, kwa maana ya "nina wimbo mbele yangu". Maneno hayo mawili yakagandamana yakawa *chanterai*, nitaimba. Sisi tumefanya jambo la jirani kabisa: wataalamu wa lugha hueleza kuwa -ta- ya "atakuja" imetokana na "taka". Kisha wakairudisha *habere* (kuwa na) wakati uliopita, *cantare habebam*, nilikuwa na kuimba, nayo ikagandamana ikawa *chanterais*. Ndiyo maana miishio -ais, -ait, -ions, -iez, -aient ni ya wakati uliopita iliyobandikwa kwenye shina la wakati ujao.

Kwa asili yake, basi, umbo hili ni wakati ujao uliosimama jana. Bado linafanya kazi hiyo: *il a dit qu'il viendrait*, alisema atakuja, *il a dit qu'il aurait fini avant midi*, alisema atakuwa amemaliza kabla ya saa sita. Na ukilitazama hivyo, fumbo la *si* linafunguka. Katika sentensi ya masharti kuna mahali pa kuanzia na kuna kinachokuja mbele yake. Kujua ndiyo mwanzo. Kuja au kutokuja ndiko kulikokuwa mbele. Umbo linalobeba "kilichokuwa mbele" linakaa penye matokeo. Kulitia kwenye *si* ni kuliweka tokeo mahali pa sababu.

Zingatia kuwa ugomvi ni na *si* ya sharti tu. *Si* ya swali, ile ya "sijui kama", haina neno: *je ne sais pas si j'aurais accepté*, sijui kama ningekubali. Na *au cas où*, endapo, ambayo kwa sikio letu ni sharti tupu, inaidai hali hiyo hiyo: *au cas où tu aurais oublié*, endapo utakuwa umesahau. Hapo hata mimi hukosea.

Mfaransa pia haoni taabu kuchanganya nyakati ikiwa kosa ni la jana na matokeo ni ya leo: *si j'avais étudié, je parlerais mieux aujourd'hui*. Kwetu, "ningalisoma, leo ningezungumza vizuri zaidi" ingepigwa wino mwekundu shuleni. Kwa maoni yangu sentensi hiyo ina mantiki kuliko wino wenyewe, lakini mtihani si mahali pa kubishania.

Katika mazungumzo ya kila siku utalikuta umbo hili zaidi kwenye vitenzi vitatu: *j'aurais dû*, nilipaswa ila sikufanya; *j'aurais pu*, ningeweza ila sikufanya; *j'aurais voulu*, ningependa, ambayo dukani ni adabu tu. Vikielekezwa kwa mwingine vinageuka lawama. *Vous auriez dû nous prévenir*, mlipaswa kutuarifu, ikija kwenye barua ya mteja, huo ni ugomvi uliopigwa pasi. *Tu aurais pu me le dire!* ni kile kilio chetu cha "Si ungeniambia!", na kwa bahati tu sisi ndio tunaotia "si" pale ambapo wao hawana.

Tukirudi kwa lori. Matumizi yale ya Mkongo Wafaransa huyaita masharti ya wanahabari. *Le ministre aurait démissionné*: waziri anadaiwa kujiuzulu. Sisi tuna maneno kamili ya kazi hiyo, yadaiwa, inasemekana, eti. Wao wanaiachia *aurait* au *serait* peke yake, bila neno lolote la kukuonya. Njia ya kulitambua ni kutafuta sharti: kama hakuna *si* mahali popote, wala hakuna anayejuta au kulaumu, uwezekano mkubwa ni kwamba unasoma tetesi.

Dada wa nyaraka hatafsiri tena kwa sauti. Juzi uliingia mwingine, *les conteneurs seraient sortis du port sec*, inasemekana makontena yametoka bandari kavu, naye akajibu kwa maneno matatu tu: *Seraient, ou sont?* Yaani inasemekana yametoka, au yametoka kweli? Baada ya dakika kumi ikaja picha ya makontena yakiwa juu ya lori, na chini yake neno moja: *Sont*.