Je, wajua kwa nini kiwanda cha China kinataka asilimia 30 kwanza, halafu 70 kabla hujashika BL (hati ya meli ya kutolea mzigo)?

Ukiagiza mzigo China kwa mara ya kwanza, uwe wa Kariakoo au wa Eastleigh, lazima ukutane na hii kwenye invoisi: dipoziti asilimia 30, salio 70 mzigo ukiwa tayari. Wengi wanaona ni ubabe, yani hela yote imetoka na mzigo hujauona. Na mimi nilikuwa naona hivyohivyo, mpaka siku nilipojiuliza huyu sapulaya naye anaogopa nini, hapo ndo mambo yakaanza kueleweka.

Tuanze na ile 30. Tuseme umeagiza sufuria 5,000 na umetaka jina la duka lako ligongwe kwenye kila mfuniko. Kiwanda kinanunua alumini leo, kinalipa vibarua, kinachapisha maboksi yenye jina lako, na wewe uko mbali kilomita maelfu, hakujui. Ukiingia mitini katikati, sufuria zenye jina la duka la Dar atamuuzia nani? Kwa hiyo dipoziti inamsaidia kununua malighafi, halafu ni hela ambayo ukiiacha itakuuma, ndo maana haiwi asilimia 5.

Ile 70 sasa, na hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo watu wanapopigwa. Mzigo ukishapanda meli, kampuni ya meli inatoa BL, kwa kawaida orijino tatu, na ile karatasi ndo kama mzigo wenyewe. Meli ikifika Dar au Mombasa, wakala wako hawezi kulitoa kontena bila BL orijino, au bila sapulaya kuzirudisha orijino zote kwa kampuni ya meli kule kwao ili huku wapewe ruhusa ya kuachia mzigo (wenyewe wanaita teleksi rilizi). Sasa angalia invoisi yako imeandikwaje. Kuna "salio kabla ya kupakia" na kuna "salio kwa kopi ya BL", zinafanana kwa macho tu. Ya kwanza unalipa mzigo ukiwa bado kwenye stoo yake. Ya pili mzigo uko baharini tayari, kampuni ya meli imethibitisha kwamba imepokea kontena, yeye kashika karatasi na wewe umeshika hela, kila mtu ana kitu anachokitaka mwenzake. Pigania hiyo ya pili, kwa heshima, lakini pigania.

Na yeye akikukubalia hiyo ya pili ujue amejitosa. Kuna waagizaji wenzetu mzigo ukifika bandarini wanaanza kusema soko limeshuka, nipunguzie nusu, wakijua kontena likikaa gharama za stoo zinapanda kila siku na kulirudisha China ni hasara tupu. Ni tabia mbaya, nasema wazi, na wanaoilipia ni wageni wanaokuja nyuma yao, wanabanwa kwa makosa ya wengine. Benki zina njia ya LC (benki yako inaahidi kumlipa sapulaya akileta hati zilizokubaliwa) ya kuwalinda wote wawili, ila kwa mzigo mdogo makato na dhamana vinakatisha tamaa.

Kitu kingine ni bei. Sapulaya ukimkaza sana ni mara chache atakwambia haiwezekani, anakubali halafu anapunguza kitu ambacho hukukiandika. Dada mmoja namfahamu anauza vyombo, alikomaa wiki mbili mpaka akashushiwa karibu robo ya bei. Sampo aliyokuwa nayo dukani, sufuria ya sentimita 24, ilikuwa gramu 610 na mfuniko wake. Mzigo ulipofika akafungua boksi la kwanza, akaweka moja kwenye mizani ileile, gramu 470. Akaibonyeza ukingoni kwa dole gumba, ikaingia ndani. Akamtumia picha WeChat, jibu likaja fupi: bei uliyotaka ni ya hiyo. Na kweli, invoisi ilisema sufuria ya alumini sentimita 24, basi, hakuna uzito wala unene.

Kilichonifurahisha ni kwamba hakumtukana wala hakumkimbia. Oda iliyofuata aliongeza bei kidogo, akaandika gramu za kila saizi, na kabla ya kulipa 70 akamlipa mkaguzi aende kiwandani achague maboksi mwenyewe (yale ya katikati ya rundo, sio aliyotengewa mlangoni) apime huku video inarekodi. Mzigo ukaja sawa. Pia anaweka oda mapema kabla ya mwaka mpya wa Kichina, maana wafanyakazi wanarudi kwao vijijini na viwanda vinafungwa hata wiki 2 au zaidi, na sapulaya anamkumbuka yule ambaye hamsumbui kipindi hicho.

Halafu kuna hili la akaunti. Ukipata ujumbe kwamba akaunti ya benki imebadilika, tuma huku, usitume kitu. Matapeli wanaingia kwenye barua pepe, wanasoma mazungumzo yenu kimya, wanasubiri siku ya salio, wanatuma invoisi ileile kutoka anwani iliyozidi herufi moja. Mpigie video mtu unayemjua sura, kwa namba ya zamani, akusomee namba ya akaunti kwa mdomo wake. Sapulaya wa kweli hakasiriki kwa hilo.

Yule dada wa sufuria, oda ya nne aliletewa invoisi ya dipoziti asilimia 20, na wala hakuomba. Ya sita BL iliachiwa akiwa bado anadaiwa nusu ya hela, alipewa siku 30. Alilipa siku ya 26.