Kompositi ya Nyuzi za Kaboni ni Nini?

Kuna gari naliona sana hapa Mombasa, boneti yake nyeusi imesukana kama mkeka, na mwenyewe anaiita "kaboni". Ukisogea karibu, pembeni karatasi imebanduka na chini yake ni bati. Ile ni stika. Kaboni yenyewe ni kitu kingine kabisa.

Kompositi ni vitu viwili vilivyoshikanishwa vikaweza kazi ambayo kimoja peke yake hakiiwezi. Watu wa Pwani tunaijua siku nyingi: nyumba ya kukandika ni fito na udongo, fito zinabeba na udongo unazishika. Boti za faiba ni vivyo hivyo, kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa resini, yaani gundi ya plastiki inayokauka ikawa ngumu. Hapa nyuzi za kioo zinatoka, zinaingia za kaboni.

Uzi mmoja una unene wa mikromita 7 hivi, mwembamba kama mara kumi kuliko unywele. Nyingi huanza kama uzi wa plastiki, kisha huchomwa kwa zaidi ya nyuzijoto 1,000 pasipo oksijeni, mpaka ikabaki karibu kaboni tupu.

Sasa tupime. Chuma cha ujazo wa lita moja kina kilo 7.8, alumini 2.7, kompositi hii 1.6 hivi. Ndiyo maana McLaren walijenga nayo kiunzi cha gari lao la mbio za Formula 1 mwaka 1981, na BMW wakaitumia kwa chumba cha abiria cha gari lao la umeme, i3, mwaka 2013, kwa kuwa betri za gari la umeme ni nzito. Bei yake bado ni kubwa.

Nguvu hufuata uzi. Ukivuta kwa urefu wake, unashika. Ukivuta kwa ubavu, kilichobaki ni resini tu. Kwa hiyo matabaka ya nyuzi hupangwa yakielekea pande tofauti.

Fundi wa bodi ndiye ninayemwazia zaidi. Bati likigongwa hubonyea, ukaona. Kaboni yaweza kurudi umbo lake huku ndani matabaka yameachana, na rangi mpya ikaficha hatari. Gonga taratibu kwa sarafu: palipo pazima hulia wazi, palipoachana sauti hufifia. Tena kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini kwenye unyevu wa chumvi kama huu wetu, alumini huliwa. Kinga yake ni tabaka la faiba ya kioo katikati.